Barua kwa Mwenzangu Anayejiandaa kwa Mtihani wa Leseni ya Fiziotherapia

Houston, Texas,
12 Februari 2025.

Mpendwa ndugu yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, baba watoto na watoto wote hapo Moshi. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako nimeipokea, na nimefurahi sana kusikia kwamba umeamua kwa dhati kuufanya mtihani wa taifa wa fiziotherapia wa Marekani, huu ambao huku kila mtu anauita NPTE. Umeniuliza uanze kusoma kitabu gani. Nimelifikiria swali lako kwa muda, na nimeona ni heri nikujibu kwa urefu, kwa sababu wenzetu wengi walio hodari wodini wameanza na vitabu, wakasoma usiku na mchana, kisha wakaingia katika chumba cha mtihani bila kujua kwamba kinachopimwa mle si wingi wa mambo waliyoyakariri.

Kwanza nikueleze njia yenyewe, kwa ufupi. Leseni ya fiziotherapia Marekani haitolewi na serikali kuu, bali hutolewa na kila jimbo kupitia bodi yake, ingawa mtihani ni mmoja nchi nzima na unaendeshwa na shirikisho la bodi hizo, FSBPT, lenye makao yake Alexandria katika jimbo la Virginia. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchagua jimbo, kwa kuwa masharti kwa waliosomea nje yanatofautiana, na majimbo mengine, Texas likiwemo, yana mtihani mwingine mdogo wa sheria za jimbo. Baada ya hapo vyeti vyako vitalinganishwa na mafunzo ya chuo cha Kimarekani, ambako siku hizi anayehitimu fiziotherapia huhitimu kwa shahada ya udaktari wa taaluma. Kazi hiyo ya kulinganisha hufanywa na taasisi kama FCCPT, nayo huangalia somo kwa somo. Mimi niliambiwa niongeze masomo ya famasia na ya utambuzi wa magonjwa, nikayachukua, na nakiri kwamba baadaye yalinifaa katika mtihani wenyewe. Kuna pia mtihani wa Kiingereza, TOEFL. Usiache kazi wala usinunue tiketi ya ndege kabla majibu ya vyeti hayajatoka, maana mtihani huu hufanyika ndani ya Marekani na maeneo yake tu, na safari ya kuja kuufanya ni gharama kubwa kwa familia yoyote ya kwetu.

Kuna jambo linaloonekana dogo ambalo nakuomba ulishughulikie mapema, nalo ni majina yako. Sisi tunatumia majina matatu, letu, la baba na la babu, na wewe tangu uolewe unatumia la mume katika baadhi ya nyaraka. Siku ya mtihani, jina ulilojiandikishia lazima liwe sawasawa na lililo katika pasipoti, na vyeti vya chuo navyo vioane nalo au viambatane na hati ya kiapo inayoeleza tofauti. Lifanye sasa ungali nyumbani, ambako wakili yuko karibu na ofisi ya chuo unaifikia kwa daladala moja.

Sasa tuje kwenye mtihani wenyewe. Hufanyika mara nne kwa mwaka, yaani Januari, Aprili, Julai na Oktoba, katika vituo vya kompyuta vya Prometric. Tangu Januari 2024 una maswali 225, na katika hayo ni 180 tu yanayohesabiwa. 45 yaliyobaki ni ya majaribio, yamechanganywa na mengine, na mtahiniwa hana njia ya kuyatambua. Muda ni saa tano. Ukigawanya, utaona kwamba kila swali lina dakika moja na sekunde 20, pamoja na kusoma maelezo ya mgonjwa, na baadhi ya maelezo hayo ni marefu na hufuatwa na maswali kadhaa juu ya mgonjwa huyohuyo. Kila swali lina majibu manne, moja tu ndilo sahihi, na jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama, kwa hiyo usiache hata swali moja wazi. Alama hutolewa kwa kipimo cha kuanzia 200 hadi 800, na anayefikia 600 amefaulu. Usiifananishe 600 hiyo na asilimia tuliyoizoea chuoni, kwa sababu idadi ya maswali yanayotakiwa kupatikana hutofautiana kidogo kulingana na ugumu wa toleo la mtihani.

Hayo ni ya nje. La ndani, ambalo ndilo hasa ninalotaka ulishike, ni kwamba karibu kila swali linakuweka mbele ya mgonjwa na kukutaka uamue. Halikuulizi tu mshipa fulani wa fahamu unapita wapi. Linakueleza kwamba mgonjwa hawezi kuinua kifundo cha mkono, ana ganzi nyuma ya kiganja kati ya kidole gumba na cha shahada, alivunjika mfupa wa juu wa mkono wiki kadhaa zilizopita, kisha linakuuliza utampima nini au utamtengenezea banzi la namna gani. Anatomia unaihitaji, tena kwa ukamilifu, lakini unaihitaji kama msingi wa uamuzi.

Nikupe mfano ninaoupenda kwa sababu unaonyesha jinsi watunzi wa mtihani wanavyofikiri. Mgonjwa aliumia uti wa mgongo kwenye pingili ya nne ya kifua. Amelala kitandani, wewe unamnyoosha miguu, na ghafla analalamika kichwa kinamgonga, uso na shingo vinaiva na kutoka jasho, shinikizo la damu limepanda sana na mapigo ya moyo yamepungua kasi. Ufanye nini kwanza? Jibu moja linasema umwite daktari, la pili uangalie mpira wa mkojo, la tatu umketishe, la nne upumzike kidogo kisha upime tena. Mtu aliyekariri anajua kwamba chanzo kikubwa zaidi cha hali hiyo ni kibofu kilichojaa, naye atakimbilia mpira wa mkojo. Lakini anayejua kinachotokea mwilini atamketisha kwanza. Kwa mgonjwa aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, kero kutoka kwenye kibofu huamsha mishipa ya damu ya sehemu ya chini ibane kwa nguvu, na ubongo hauwezi kupeleka amri ya kuilegeza kupita pale palipoumia, kwa hiyo shinikizo hupanda hadi kuhatarisha maisha. Kumketisha na kushusha miguu kunateremsha shinikizo mara moja, ndipo unalegeza nguo na kukagua kama mpira umejikunja, huku daktari akiarifiwa. Majibu matatu kati ya manne yana ukweli ndani yake, na kilichopimwa ni mpangilio. Ukisoma ugonjwa wowote, jiulize kila mara: nini kinaweza kumuua mgonjwa huyu mikononi mwangu, nitakijuaje, na nitaanza na lipi?

Nimeona kwamba wenzetu huangushwa na majibu ya upole. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa goti ana maumivu ya misuli ya nyuma ya mguu, mguu umevimba na una joto. Kwetu mkono unakwenda wenyewe kumkanda, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa kumhurumia mwenye maumivu. Katika mtihani, na katika kazi ya kweli, hiyo ni dalili ya damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani, na kukanda kunaweza kuling'oa donge likapanda hadi mapafuni. Unasimamisha tiba na unatoa taarifa mara moja.

Jambo jingine ni nafasi ya mfiziotherapia huku. Tangu mwaka 2015, majimbo yote 50 yanamruhusu mgonjwa kumwona mfiziotherapia bila kupitia kwanza kwa daktari, ingawa kwa viwango vinavyotofautiana. Maana yake ni kwamba unaweza kuwa mtu wa kwanza kumwona, na wewe ndiwe unayepaswa kutambua kwamba maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku, yasiyobadilika kwa mkao wowote, pamoja na kupungua uzito, si ya misuli. Kwetu tumezoea kupokea rufaa iliyokwisha andikwa ugonjwa, na mara nyingi tunaanza kazi pale daktari alipoishia. Hapo ndipo utakapohitaji kujinyoosha zaidi. Vilevile kuna wasaidizi wa fiziotherapia wenye leseni yao wenyewe, na mtihani utakuuliza ni mgonjwa gani unaweza kumkabidhi msaidizi na yupi usimkabidhi. Kanuni ya kushika ni kwamba tathmini ya kwanza, mpango wa tiba na mabadiliko yake makubwa ni vyako, na mgonjwa ambaye hali yake inayumba anabaki kwako.

Kuhusu maudhui, shirikisho lenyewe huchapisha muhtasari unaoonyesha kila mfumo wa mwili una maswali mangapi, na huo ndio uwe ramani yako badala ya yaliyomo ya kitabu chochote. Misuli na mifupa, mishipa ya fahamu, na moyo pamoja na mapafu huchukua zaidi ya nusu ya mtihani. Katika mawili ya kwanza wewe una hazina kubwa. Umewahudumia wagonjwa wa kiharusi wengi kuliko wahitimu wengi wa huku, umewashika watoto wenye mtindio wa ubongo na mgongo wazi, na majeruhi wa bodaboda wamekufundisha mivunjiko ya kila aina. Unachohitaji ni kuyapa majina na vipimo wanavyovitumia. Kwa mfano, unajua kutokana na uzoefu kwamba mgonjwa wa kiharusi kilichoathiri upande wa kulia wa ubongo huinuka kitandani bila kujihadhari na huusahau upande wake wa kushoto, ilhali wa upande wa kushoto wa ubongo huwa na shida ya maneno na huenda polepole kwa woga. Tofauti hiyo huulizwa kwa sura nyingi, hasa katika namna ya kumfundisha kila mmoja: wa kwanza umpe maelekezo ya maneno mafupi na umzuie asikimbilie hatua inayofuata, wa pili umwonyeshe kwa vitendo.

Moyo na mapafu ndiko nitakakokusisitizia zaidi, kwa sababu wengi wetu hatukuwahi kufanya kazi katika kitengo cha mazoezi ya wagonjwa wa moyo. Jifunze kusoma michoro ya umeme wa moyo ya kawaida, na ujue ni mchoro upi unakutaka usimamishe mazoezi hapohapo. Jifunze dawa. Mgonjwa anayetumia bitabloka, yaani dawa za kupunguza kasi ya moyo, mapigo yake hayatapanda kama inavyotarajiwa, kwa hiyo ukimpangia mazoezi kwa kuhesabu mapigo utamchosha kupita kiasi. Badala yake unatumia kipimo cha Borg, mtaalamu wa Sweden, ambacho mgonjwa mwenyewe hueleza ugumu anaouhisi kwa namba kuanzia 6 hadi 20.

Kuna magonjwa ambayo huko hatuyaoni sana lakini hapa yanaulizwa sana. Maltipo sklerosisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia ala za mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, ni mojawapo; shika kwamba joto huwazidishia udhaifu, kwa hiyo bwawa la maji ya moto haliwafai. Sistiki faibrosisi, maradhi ya kurithi yanayojaza mapafu kamasi nzito, ni jingine, na itakubidi ujue kila mkao wa kutoa kamasi katika kila sehemu ya pafu. Kwa upande mwingine, usikate tamaa unapofika kwenye mfumo wa limfu. Wao huuliza zaidi mkono uliovimba baada ya upasuaji wa saratani ya titi, lakini wewe ulifanya mazoezi ya vitendo Tanga na umeona matende. Ngozi inayonenepa na kuwa ngumu, maambukizi yanayojirudia, usafi na kufunga bandeji kwa mbano unaopungua kutoka chini kwenda juu, hayo yote unayajua kwa macho na mikono yako.

Na kuhusu ngozi, nina jambo ambalo halinitoki moyoni. Vitabu vingi huonyesha kidonda cha mgandamizo cha hatua ya kwanza kama wekundu usiofifia ukibonyeza. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, nawe unapaswa kutafuta tofauti ya joto, ugumu wa nyama na maumivu ukilinganisha na pembeni. Wewe na mimi tumelijua hilo tangu wodi ya kwanza, na hapa Houston wapo wagonjwa wengi weusi ambao wanamhitaji mtu anayelijua. Ukikutana na swali la namna hiyo, amini ulichokiona.

Sasa, usomeje na huku unafanya kazi na una watoto? Ushauri wangu ni usome kwa mfumo mmoja kwa wakati, asubuhi na mapema kabla ya zamu, na siku hiyohiyo umtafute wodini mgonjwa mmoja anayehusika na ulichosoma, umfikirie kana kwamba ni swali. Maswali ya mazoezi yaanze mapema, lakini yawe machache, na muda mwingi uutumie kuandika kwa maneno yako kwa nini jibu sahihi ni sahihi na kwa nini kila moja la mengine matatu si sahihi. Najua ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna nyingine iliyonisaidia kama hiyo. Shirikisho linauza mtihani wa mazoezi uitwao PEAT, ambao ndani yake kuna mtihani halisi uliokwisha kustaafishwa. Huo usiuguse hadi ukaribie mwisho. Siku utakayoufanya, waombe majirani wawachukue watoto, uketi saa tano kamili. Kukaa muda huo wote mbele ya kompyuta ni mazoezi ya pekee, nasi tuliosoma kwa mitihani ya kalamu tunayahitaji.

Kuna onyo ambalo lazima nilitoe kwa uwazi. Utaalikwa katika makundi ya WhatsApp yanayogawa au kuuza maswali yanayosemekana kukumbukwa na waliotoka kwenye mtihani. Jitoe siku hiyohiyo. Mwaka 2010, baada ya maswali kugundulika yakisambazwa kwa namna hiyo, shirikisho liliwasimamisha wahitimu wa vyuo vya Misri, India, Pakistan na Ufilipino, na baadaye wakawekewa mtihani wao wa pekee uliofanyika mara moja tu kwa mwaka. Hebu fikiria maelfu ya watu waaminifu, waliojinyima na kusoma, wakafungiwa mlango kwa sababu ya wengine. Sisi wa Afrika Mashariki bado tu wachache huku, na kila anayetufuata atapimwa kwa mwenendo wetu. Naumia ninapoona Mtanzania au Mkenya akiyaita maswali hayo msaada.

Siku ya mtihani kuna mapumziko ya dakika 15 baada ya sehemu ya pili ambayo hayakatwi katika muda wako. Mapumziko mengine yote saa inaendelea kuhesabu. Ukiifunga sehemu moja huwezi kuirudia, kwa hiyo uliyoyawekea alama yamalize kabla ya kusonga mbele. Kula chakula ulichokizoea. Ukikutana na maswali mageni kabisa, kumbuka yale 45 ya majaribio, uchague jibu lililo salama zaidi kwa mgonjwa, na uendelee.

Ukikosa mara ya kwanza, Mungu apishe mbali, unaruhusiwa kurudia hadi mara tatu katika miezi 12, na mara sita kwa maisha yako yote. Lakini anayepata 400 au chini yake mara mbili hufungiwa kabisa. Ndiyo maana nakusihi usije kuujaribu tu ili uuone ulivyo, kama wengine wanavyoshauri. Kama vyeti vitachelewa, ni heri Oktoba ikupite ukafanya Januari ukiwa umekamilika.

Kwa sasa naomba ufanye mambo mawili. Nenda ofisi ya taaluma ya chuo ukaombe maelezo kamili ya kila somo tulilosoma, pamoja na saa za mazoezi ya vitendo, na uwaeleze kwamba watatakiwa kuyatuma wenyewe moja kwa moja, kwa kuwa yanayopitia mikononi mwa mwombaji hayapokelewi. Pili, niandikie orodha ya wodi ulizofanyia kazi na aina za wagonjwa uliowahudumia zaidi, ili tupange pamoja ni mfumo upi uanze nao. Jumapili jioni kwa saa za huko mimi huwa nyumbani, na niko tayari kupitia maswali nawe kwa simu kila wiki hadi siku ya safari yako.

Wasalimie wazazi na wenzetu wote wa idara.

Ni mimi akupendaye,
Dada yako wa Houston